Damu ya Mwaloni na Sumaku ya Shinyanga

Siku ya kuniaga, baada ya pilau na hotuba, mkuu wa kituo aliniomba niandike kitu kidogo cha kuwatia moyo vijana. Alitaka nieleze habari za nafasi za uzamili na uzamivu katika fani yetu, yaani ile kemia inayochungulia molekuli za mwili kwa kutumia sumaku, ili wanaotoka vyuoni wajue kwamba hata Shinyanga mambo hayo yamewahi kufanyika. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na sahani mkononi na watu wote walikuwa wananitazama. Sasa nimekaa kuandika, na nawaomba radhi mapema. Kutia moyo sijui kama nitaweza. Nitaandika nilichokiona. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana watu wa utumishi wanavyo vyote kwenye mafaili yao na hakuna aliyewahi kucheka wala kulia kwa kuvisoma.

Mimi ni Mama Deo. Kazi yangu ilikuwa kuitunza na kuiendesha mashine ya mwangwi wa sumaku, ambayo wenyewe tuliiita Sumaku tu, kama jina la mtu. Nilizaliwa Ushirombo kwa wakulima, nikasomea ufundi wa maabara, nikapima mikojo na makohozi katika hospitali ya misheni mpaka nikachoka, ndipo nikasikia kuna kituo cha utafiti Shinyanga kimeletewa mashine kutoka ng'ambo na kinatafuta mtu asiyeogopa umeme. Nilikuwa nauogopa, lakini hawakuuliza.

Sumaku ilikuwa imewekwa kwenye ghala la zamani la pamba, nyuma ya reli. Walioichagua sehemu ile walipenda sakafu yake nene na paa lake refu. Hakuna aliyefikiria treni. Kumbe chuma kingi kikipita karibu, hata kama ni nje ya ukuta, Sumaku inayumba na kipimo chote kinaharibika. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza nilimkuta Bwana Sospeter, aliyekuja kuwa mwalimu wangu, amekaa kwenye stuli mikono mapajani, hafanyi chochote. Nikadhani ni mvivu. Alikuwa anangoja mabehewa ya mizigo yapite. Akaniambia, "Jifunze ratiba ya treni." Niliporudi kutoka stesheni na kumwambia kwamba wenyewe hawaijui, alicheka kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho mbele yangu.

Alikuwa mtu mkali. Mlangoni aliweka kapu la ukindu, na kila anayeingia alipaswa kuacha humo funguo, sarafu, simu, mkanda, bangili, na hata hirizi kama ina kipande cha chuma. Watu walikubali kuacha simu lakini hirizi ilikuwa kesi. Mgeni mmoja rasmi alikataa kuvua mkanda mbele ya wafanyakazi. Bwana Sospeter akamwambia kwa heshima zote, "Basi mheshimiwa, utaiona kupitia dirishani." Na akaiona kupitia dirishani.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Ndani ya molekuli kuna viini vidogo vinavyofanya kama sumaku. Ukiviweka kwenye sumaku kubwa, kisha ukavipiga kwa mawimbi ya redio, vinaitikia, na kompyuta inauchora ule mwitikio. Bwana Sospeter alinieleza hivi: ukinunua chungu sokoni si unakigonga kwa kidole? Kizima kinalia vizuri, chenye ufa sauti yake inakufa. Basi ni hivyo hivyo. Mchoro ukiwa na mistari myembamba iliyosimama wima, chungu ni kizima. Mistari ikitanuka kama vilima, kuna jambo. Ama molekuli zimeshikana zikawa mabonge, ama wewe mpimaji umeharibu kitu. "Anza na hilo la pili," alikuwa akisema. "Watu wote wanapenda la kwanza."

Sumaku ya namna ile lazima ikae ndani ya baridi ambayo sisi watu wa Shinyanga hatuwezi hata kuiota. Ikipata joto inakufa, na kuifufua ni habari nyingine. Baridi ya ndani ilikuwa ya heliamu na ya nje ya naitrojeni, zote zimegeuzwa maji. Heliamu ilitoka ng'ambo. Nasikia iko tele chini ya ardhi yetu wenyewe kule Rukwa, lakini kwetu ilifika kwa meli, lori na maombi. Naitrojeni tuliipata kwa watu wa mifugo, wanaoitumia kuhifadhi mbegu za madume bora. Ndiyo kusema kemia ya juu kabisa katika kanda hii ilikuwa inategemea ng'ombe. Msimu wa kupandikiza ukianza, afisa mifugo aliniambia bila kupepesa macho, "Mama Deo, wiki hii madume kwanza." Nami nilikuwa narudi na mtungi wangu mtupu nyuma ya pikapu, nikiomba Sumaku ivumilie. Ilivumilia miaka mingi kuliko tulivyostahili.

Sasa nije kwenye hizo nafasi. Zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilikuwa za hapa hapa: mwanafunzi wa uzamili anapewa mada, anapewa muda wa kutumia Sumaku, na posho inayokuja ikijisikia. Za pili ndizo zilizowakosesha usingizi, za uzamivu ng'ambo, kwenye maabara ambako nasikia heliamu haikatiki na hakuna anayemngoja dume. Kutoka za kwanza kwenda za pili palikuwa na njia moja tu, nayo ni matokeo mazuri. Profesa wa kule hakujui wala hamjui baba yako. Anaona mchoro uliotumiwa, anaupenda au haupendi. Ndiyo maana vijana wengi niliowapokea waliisalimia kompyuta kwa unyenyekevu kuliko walivyonisalimia mimi. Wapo waliokwenda wakarudi, wachache. Wapo waliokwenda wakabaki huko. Wengi hawakwenda popote, na mmoja wao anauza vipuri vya bajaji hapa mjini. Nikipita ananiita kwa sauti kubwa na kunitambulisha kwa wateja kama mwalimu wake, jambo ambalo hunifurahisha na kuniumiza kwa pamoja.

Kati ya wote hao nitamwandika mmoja tu.

Minza alitoka Nyasubi, pale Kahama. Mama yake alikuwa na meza ya dagaa sokoni. Baba yake alikuwa mchomaji kwenye mwalo mmoja upande wa Geita. Mwalo kwao si wa samaki. Ni mahali ambapo mawe ya dhahabu yakishasagwa kwenye karasha yanaoshwa, na ile dhahabu ndogo ndogo inakamatwa kwa zebaki mpaka inakuwa donge. Mchomaji analiweka donge juu ya moto wa mkaa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki, mwenye dhahabu anaichukua. Moshi anauchukua mchomaji. Baba Minza aliifanya kazi hiyo tangu binti yake hajaanza shule, na nilipomfahamu mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba chai alijaziwa nusu kikombe.

Siku aliyokuja kuomba kuanza uzamili, Daktari Shija, msimamizi wa wanafunzi, alimuuliza maswali yao yale ya kitaalamu. Mimi nilimuuliza moja tu tulipokuwa tunafunga mlango: kwa nini hii, na siyo kitu chenye ajira?

"Mama Deo, nataka nijue zebaki inakaa wapi," alisema. "Ikiingia kwenye damu inashika protini gani, na inaishikaje. Nikijua inavyoshika, nitajua inavyoweza kuachia."

"Kwa ajili ya baba?"

"Baba naona ameshachelewa. Lakini wapo wenzake."

Nilimpenda papo hapo, na sioni haya kusema. Mwanangu Deo ana roho nzuri lakini hajawahi kuniambia sentensi ya namna hiyo.

Mpango ulikuwa rahisi kueleza. Achukue damu za wachomaji wa mwaloni, achukue na damu za wakulima ambao hawajawahi kugusa zebaki, aondoe chembe nyekundu, yale majimaji ya manjano yanayobaki juu ayapeleke kwenye Sumaku, kisha alinganishe michoro. Wakulima niliwatafuta mimi kwetu Ushirombo. Walikuja kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa, nusu yao ndugu zangu, wakatoa damu huku wakiniuliza lini narudi nyumbani kulima.

Wachomaji walikusanywa na Baba Minza mwenyewe. Nilifuatana na binti yake ili niangalie barafu za kuhifadhia damu. Tulipofika, nikaona wamefanya kikao juu ya wapi tufanyie kazi. Nje palikuwa na vumbi la karasha, watu wote weupe kama wametoka kwenye unga. Wakaamua kutupa chumba cha kusafishia dhahabu. Kilikuwa chumba pekee chenye mlango, kufuli na sakafu ya saruji. Humo ndimo walimokuwa wakikausha mchanga wa mwisho na kuutoa weusi wake mpaka ibaki dhahabu tupu, na mgeni haruhusiwi hata kuchungulia. Walikuwa wamefagia, wametandika kitambaa cheupe mezani.

"Mayu," Baba Minza aliniambia kwa Kisukuma chake cha heshima, kisha akaendelea kwa Kiswahili, "humu haingii mtu hovyo. Damu ya watu haiwezi kufunguliwa nje kwenye uchafu."

"Wabeja sana, Baba Minza," nikamshukuru, na nilimaanisha. Sijawahi kupewa chumba cha heshima namna ile hata na serikali.

Walikuja mmoja mmoja. Mama mmoja mnene, mchomaji hodari kwa maelezo yake mwenyewe, alimnyooshea Minza mkono akasema, "Chukua, lakini ukikuta dhahabu humo usitoroke nayo." Wote wakacheka. Kisha kila aliyebana pamba yake mkononi alisimama kidogo mlangoni na kuuliza swali lile lile: "Majibu lini, binti?" Naye aliwajibu kila mmoja kwamba yakitoka atayaleta mwenyewe. Wakati yeye anajibu, kile kizungushio chetu kidogo cha betri, cha kutenganishia damu, kilikuwa kinazunguka, na vichupa vilikuwa wazi juu ya kile kitambaa cheupe vikingoja kujazwa.

Michoro ya wakulima ilitoka na mistari myembamba, safi. Ya wachomaji ilitoka na vilima. Tulirudia, vilima. Tulingoja treni ipite tukarudia tena, vilima vile vile. Minza alikaa chini sakafuni akacheka na machozi yakimtoka. Daktari Shija aliita ofisi nzima ije kutazama. Maana yake, kwa jinsi tulivyosoma siku ile, ilikuwa kwamba zebaki imezishika protini za wachomaji zikabumbana mabonge, na kwamba ubaya uliokuwa unasemwa kwa maneno tu sasa umechorwa. Bwana Sospeter alikuwa ameshafariki. Najua angesema nini, lakini hakuwepo kusema.

Profesa mmoja wa ng'ambo alioneshwa michoro ile na akaipenda. Haukupita muda Minza akapewa nafasi ya uzamivu, yenye kila kitu, akaendelee na kazi hiyo hiyo kwenye sumaku kubwa. Kituo nacho kilitajwa kuwa mshirika, na kwa mara ya kwanza tukaahidiwa heliamu ya uhakika. Mama yake alinunua doti za kitenge akawagawia majirani.

Lakini lililonifurahisha mimi lilikuwa jingine. Baba Minza alizipeleka habari mwaloni. Aliwaambia wenzake kwamba mashine imeona. Na watu wale, ambao walishahubiriwa na kila aina ya mtaalamu wakaitikia na kusahau, safari hii wakaogopa. Wengine wakatafuta vile vyombo vya kuchomea vyenye mfuniko na bomba, vilivyokuwa vimegawiwa zamani na kugeuzwa viti. Wakahamisha moto mbali na nyumba. Yule mama mnene akaacha kuchoma na mtoto mgongoni. Baba Minza mwenyewe akaacha kuchoma kabisa, akabaki na kusafisha tu.

Ni huko kusafisha kulikoleta msiba. Minza alikwenda Nyasubi kuaga, akamkuta baba yake uani kwenye kigoda, na sinia ya mchanga mkavu mbele yake. Mkononi alikuwa na sumaku ya spika aliyoivalisha nailoni. Anaipitisha juu ya mchanga, ule mchanga mweusi unaruka na kuing'ang'ania kama manyoya, anaukung'uta pembeni. Unaobaki anaupuliza kwa mdomo taratibu, vumbi jeusi linapaa, dhahabu nzito inabaki chini. Alishamwona akifanya hivyo maisha yake yote. Safari hii, alivyonisimulia, macho yake yaliangukia kikombe cha chai kilichokuwa karibu, na juu ya chai akaona utando mweusi.

"Baba," akauliza, "kile chumba tulichochukulia damu, humo mlikuwa mnapuliza?"

"Sasa tupulizie wapi?" baba yake akamjibu. "Nje upepo si utachukua mpaka dhahabu?"

Aliporudi Shinyanga alinipita mlangoni bila kunisalimu, na yeye hakuwa mtoto wa kusahau shikamoo. Alitoa kichupa kimoja cha mchomaji kwenye friji, akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akakisogezea sumaku ya spika aliyotoka nayo Nyasubi. Kisha ubavuni mwa kichupa kukajikusanya kitu cheusi, chembamba kama kope moja ya jicho. Kikiwa kimetawanyika kisingeonekana na mtu yeyote. Lakini kwa Sumaku yetu ilikuwa kama mtu kaingia na nyundo mfukoni. Chuma kile ndicho kilichotanua mistari. Tulikuwa tunavua watu mikanda mlangoni, na chuma kikaingia ndani ya damu.

Alikivuta chuma kile chote kwa uvumilivu, kichupa baada ya kichupa, akapima upya. Nilikuwa nimesimama nyuma yake mchoro ulipojitokeza. Mistari myembamba, iliyosimama wima, sawa kabisa na ya wajomba zangu wa Ushirombo.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu baadaye wengi hawakuelewa. Mchoro ule haukusema kwamba zebaki haikuwemo. Zebaki kidogo mno mashine yetu isingeweza kuiona kwa njia ile, na kidogo hicho hicho kinatosha kumwangusha mtu. Mchoro ulisema tu kwamba tulichokiona mwanzo hakikuwa kile tulichodhani.

Minza alilia kama aliyefiwa. Mimi nilifunga mlango nikawaambia watu wa nje kwamba tunapima.

Daktari Shija hakuwa mtu mbaya, na naomba asisomwe hivyo. Alizisikiliza habari zote, akavua miwani.

"Nenda kwanza," alisema. "Ukifika kule, urudie kwa vifaa vyao, useme umegundua ukiwa huko. Hakuna atakayekulaumu."

"Daktari, wamenipa nafasi kwa ajili ya vumbi."

"Wamekupa kwa sababu una akili, Minza. Vumbi ni bahati mbaya. Nafasi hii ikitoka mikononi mwetu haitarudi Shinyanga, unanielewa? Na heliamu nayo."

"Nakuelewa, Daktari," alisema, akatoka, na siku hiyo hiyo akamwandikia profesa kila kitu.

Waliusifu uaminifu wake kwa maneno mazuri sana. Kisha nafasi wakampa mtu mwingine ambaye kazi yake ilikuwa tayari. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Sijui hata namkasirikia nani. Profesa alikuwa na haki yake, na Minza alifanya lililo sawa. Nadhani nimekasirika kwa sababu lililo sawa lilimgharimu mtu mmoja tu, tena yule aliyekuwa na kidogo kuliko wote. Heliamu haikuja. Haukupita muda Sumaku ikapata joto ikafa, na leo ni pipa kubwa ambalo ninyi vijana mnatundikia makoti yenu. Wenye kupima sasa wanapeleka sampuli Dar es Salaam.

Lakini Minza alikuwa na ahadi moja bado. Aliniomba nimsindikize mwaloni kupeleka majibu.

Walikusanyika wengi kuliko siku ya damu. Baba Minza alikuwa amekaa mbele, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane. Binti yake alisimama akaeleza, kwa Kiswahili kisha kwa Kisukuma, taratibu, bila kujificha. Kwamba walichoambiwa mwanzo hakikuwa sahihi. Kwamba kilichoonekana kwenye damu yao kilikuwa vumbi la mchanga mweusi wa chumbani. Kwamba vumbi lilipotolewa, michoro yao ilikuwa sawa na ya wakulima.

Yule mama mnene akauliza, "Kwa hiyo damu yetu haina shida?"

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema mashine yetu haiwezi kuiona zebaki. Zebaki ina madhara yale yale."

"Lakini mmepima tena."

"Tumepima."

"Na imefanana na ya watu wa Ushirombo wasiochoma."

"Imefanana, lakini..."

Hiyo "lakini" haikusikika. Walishaanza kupiga makofi. Mwanamume mmoja aliinua mikono juu akamshukuru Mungu kwa sauti. Watu walikuwa wanakumbatiana, wengine wanalia kwa furaha, maana walikuwa wameishi na hofu kwa miezi na sasa wameambiwa, kwa jinsi walivyosikia wao, kwamba wamepona. Minza alipandisha sauti, akarudia, akamshika mmoja mmoja mkono. Walimwitikia, "Asante binti, asante mwanetu, Mungu akubariki." Nami nilijaribu. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, wao hawatulaumu kwa kuwatisha.

Kabla hatujapanda gari, moto ulikuwa umeshawashwa karibu na nyumba, pale pale pa zamani. Baba Minza aliomba koleo lake. Binti yake akamfuata akapiga magoti mbele yake.

"Baba, nakuomba. Wewe unanijua. Nimekwambia kweli."

"Najua umesema kweli," alijibu, na alimtazama kwa mapenzi makubwa. "Ndiyo maana nimefurahi. Sasa niache nifanye kazi, mama yako ana shida nyingi."

Alichoma mpaka vidole vilipokataa kushika koleo. Tulimzika Nyasubi. Msibani watu walisema ni presha, na hapakuwa na wa kubishana nao. Minza anafundisha kemia sekondari, Kahama. Nafasi nyingine hakuomba tena, na nikimuuliza anabadili mazungumzo.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuomba hizo nafasi, ombeni. Fani ni nzuri, na kuna mengi ya kujua kuhusu jinsi sumu inavyoishika protini ambayo hakuna anayeyajua bado. Ila msichukulie sampuli mahali mlipopewa kwa heshima kabla hamjauliza panafanyika nini siku nyingine. Na mkienda kuwaambia watu kwamba hamkuona kitu, fikirini sana namna ya kusema, ingawa mimi nimefikiri miaka yote hii na bado sijapata maneno ambayo Minza angeyatumia siku ile.

Mwezi uliopita, nikihamisha vyombo vyangu kurudi Ushirombo, nilishuka Nyasubi kumjulia hali Mama Minza. Kwenye uchochoro wa nyuma ya soko nilimkuta mwanamke kijana amechutama kwenye jiko la mkaa, kikaango kidogo juu, na donge la kijivu ndani yake limeanza kutoa moshi. Mtoto alikuwa mgongoni. Nikasimama. Nikamwambia, mwanangu, huo moshi ni sumu, angalau mweke mtoto mbali.

Alinisalimu kwanza, shikamoo, kwa adabu zote. Kisha akanitoa wasiwasi. "Haina neno, mama. Zamani ndiyo watu walikuwa wanaogopa. Walishapima damu za wachomaji kule Shinyanga, kwenye mashine kubwa, wakakuta safi."

"Mashine hiyo nilikuwa naiendesha mimi," nikamwambia.

Uso wake ukachangamka. Akasogea kidogo kunipisha, akavuta stuli nikae karibu na jiko, akaendelea kupepea.

"Kumbe," akasema. "Basi si unajua mwenyewe?"